Mtoto Anacheza, Wewe Uko Wapi?

Niliporudi kutoka Marekani mwezi Julai 2023, wenzangu wa barazani walinisubiri kwa hamu. Sisi wazee wastaafu wa hapa Morogoro tuna kibaraza chetu chini ya mwembe, na ada yake ni kwamba anayetoka safari hulipia kahawa kwa habari. Walitaka niwaeleze majumba marefu, barabara zinazopita juu ya barabara nyingine, na baridi. Mimi nikawaambia kwamba katika miezi mitatu niliyokaa kwa binti yangu, jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona ni mtoto wa miaka kumi akijaribu kuupiga mpira kwa gongo, na kuukosa. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja wao, ambaye katika utumishi wake alikuwa mratibu wa elimu wa kata, akafuta machozi, akasema, "Mwalimu, sasa umezeeka kweli. Umepanda ndege kwenda huko kote ili utazame watoto wakicheza?"

Sikumjibu siku ile. Lakini swali lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na sura hii naiandika ili kumjibu yeye, na kukujibu wewe pia, ndugu msomaji, kama nawe umetabasamu. Nasema bila kumung'unya maneno: mzazi ambaye hajapata kuketi kando ya uwanja akamtazama mwanawe akicheza, hamjui mwanawe. Anajua alama zake za hesabu, anajua ada yake na ukubwa wa viatu vyake, lakini mtoto mwenyewe hamjui. Na nasema hivyo nikiwa mkosaji wa kwanza, kama utakavyoona mbele.

Nianze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu huku hatuujui. Binti yangu anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio. Yeye ni muuguzi, na mumewe hufanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Mtoto wao wa pili aliandikishwa katika ligi ya besiboli ya watoto wa mtaa wao, ligi inayofuata kanuni za Little League. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji tisa uwanjani. Timu moja hurusha na kulinda, nyingine hupiga. Mrushaji husimama futi 46 kutoka kwa mpigaji, akautupa mpira mdogo, mgumu, mweupe. Mpigaji akiupata kwa gongo lake hutimua mbio kwenda kituo cha kwanza, umbali wa futi 60. Vituo ni vinne, vimepangwa mraba, na anayevizunguka vyote akarudi nyumbani ameipatia timu yake pointi moja. Anayeukosa mpira mara tatu ametoka. Wakitoka watatu, timu hubadilishana nafasi. Watoto wadogo hucheza awamu sita, na kwa kawaida saa mbili hupita bila mtu kujua zimepita vipi.

Mara ya kwanza nilichoka. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja, nimejifunga blanketi mabegani kama mgonjwa, maana mwezi wa Aprili huko bado una baridi ya kuuma masikio. Niliona watoto wamesimama tu nyasini kwa muda mrefu, mmoja anachuma maua ya majani, mwingine anajifunika uso kwa glavu yake. Mjukuu wangu alipangwa pembeni kabisa kulia, mahali ambapo kwa umri ule mipira haifiki, na kwa hiyo ndipo makocha humweka mtoto ambaye bado hajaweza. Mimi ni mwalimu. Niliielewa nafasi ile mara moja. Ndiyo dawati la nyuma.

Zamu yake ya kupiga ilipofika aliukosa mpira mara tatu, akarudi benchi. Zamu ya pili vilevile. Ikawa hivyo wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nikamwambia binti yangu jioni moja, "Mtoto huyu mchezo haumfai. Mtafutieni mwalimu wa ziada wa hesabu, msipoteze Jumamosi zake." Binti yangu hakunijibu, aliendelea kukatakata vitunguu. Hapo ningepaswa kuelewa kwamba kuna neno linapikwa.

Kwa kalamu yangu nyekundu, mtoto anayekosa kila mara alikuwa mvivu au mzito wa kichwa, na kwa vyote viwili nilikuwa na dawa nyuma ya mlango wa ofisi. Basi hebu fikiri nilivyoshangaa mkwe wangu aliponifahamisha kwamba katika besiboli ya watu wazima, wale wanaolipwa mamilioni ya dola, mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa hodari. Tatu katika kumi! Mimi nimechapa watoto kwa kupata tatu katika kumi. Huu ni mchezo uliojengwa juu ya kukosa. Mtoto hukosa mbele ya watu wote, akiwa peke yake, macho yote yako kwake, hana mwenzake wa kumsingizia. Kisha hurudi benchi, akakaa, akanywa maji, na baada ya nusu saa huitwa tena kujaribu. Sijui somo lolote nililofundisha kwa miaka 38 lililomfunza mtoto jambo hilo vizuri namna hiyo.

Wiki ya sita ndiyo niliyowahadithia wenzangu barazani. Mjukuu wangu alisimama, akautazama mpira, akalizungusha gongo, na safari hii tulisikia mlio. Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu anayegonga mlango kwa woga. Mpira ukaviringika kwenye majani hatua chache tu, mrushaji akauokota, akautupa kituo cha kwanza kabla mtoto hajafika. Ametoka. Kwa hesabu ya mchezo hakuna kitu kilichotokea. Lakini mtoto yule alikimbia! Alikimbia kama anayekimbizwa na simba, akakipita kituo kwa hatua kumi nzima, kofia imeanguka nyuma yake. Aliposimama hakumtazama mwamuzi, wala hakumtazama kocha. Aligeuka akatutazama sisi, mmoja mmoja, mama yake, baba yake na mimi, kuhakikisha kwamba tumeona.

Tuliona. Mkwe wangu, ambaye alikuwa ametoka kazini alfajiri na bado amevaa sare yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alisimama akainua mikono miwili juu. Nami nikajikuta nimesimama, blanketi limeanguka chini, napiga makofi kwa mtoto aliyetolewa.

Tulipoketi, binti yangu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, macho yake yakiwa bado uwanjani, "Baba, unajua hujapata kuniona nikicheza hata siku moja?"

Hapa, ndugu msomaji, lazima nirudi nyuma. Mwaka 1992 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na binti yangu huyo alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba katika shule hiyohiyo. Alicheza netiboli, nafasi ya senta. Uwanja wa netiboli ulikuwa hatua ishirini kutoka ofisini kwangu. Magoli yake yalikuwa vyuma vya nondo tulivyochomelewa na fundi mmoja wa jirani. Siku ya mashindano ya kata, fainali ilichezewa pale pale shuleni kwangu. Mimi nilikuwa nakamilisha takwimu za shule za kupeleka wilayani, na watoto walikuwa wakishangilia kwa sauti kubwa. Nilinyanyuka nikafunga dirisha. Hicho ndicho nilichokifanya. Mwanangu alikuwa anacheza fainali hatua ishirini kutoka mezani kwangu, nami nikafunga dirisha kwa sababu ya kelele.

Nilidhani nalikumbuka jambo hilo peke yangu. Kumbe sivyo. "Nililiona dirisha likifungwa, Baba," akaniambia. "Nilikuwa na mpira mkononi."

Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu ingekuwa nafuu, maana lawama mtu huweza kuijibu. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akanirudishia blanketi mabegani, tukaendelea kutazama mchezo.

Na ili aibu yangu ikamilike, nikueleze hili. Miaka miwili baadaye nilihamishiwa chuo cha ualimu kuwa mkufunzi, nami nikapewa somo la saikolojia ya elimu. Kila mwaka niliwasomea wanachuo muhtasari wenye kichwa cha habari "Umuhimu wa Michezo kwa Mtoto", nukta sita, wakaandika, wakakariri, wakajibu mtihani. Nukta ya nne ilisema kwamba mchezo humpa mtoto nafasi ya kujieleza mbele ya watu anaowapenda. Nimeisoma nukta hiyo kwa sauti yangu mwenyewe kwa miaka 15. Mganga hajigangi.

Sasa nije kwa wanaonipinga, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema hana muda. Wapo ambao kweli hawana, na sitaki wao wadhani nawasema. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, akafunga biashara yake saa mbili usiku, huyo simdai kitu. Nikimdai nitakuwa mwonevu. Lakini tusijifiche nyuma ya gauni lake. Nenda Jumamosi jioni kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira katika mji wowote wa Tanzania, utawakuta akina baba wamejaa mpaka madirishani. Mtu anamjua beki wa kushoto wa Arsenal, anajua aliumia lini na atarudi lini. Muulize mwanawe anacheza namba ngapi shuleni, atakuuliza, "Kwani anacheza?" Dakika tisini anazo kwa mtoto wa mtu wa London. Kwa mtoto wake mwenyewe hana hata kumi. Mkwe wangu alikuwa hajalala usiku mzima, na alikuja. Muda haupatikani, muda hutolewa.

Wa pili husema, mchezo utamlisha? Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu swali lake linafanana na hekima. Jibu langu ni hapana, hautamlisha. Katika watoto wote waliokuwa katika uwanja ule wa Columbus, huenda hakuna hata mmoja atakayelipwa senti kwa kucheza besiboli. Na hiyo ndiyo raha yake. Saa mbili zile ndizo pekee katika juma zima ambazo mzazi hamtathmini mtoto wake kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani. Siku hizi mtoto wa darasa la tatu hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa basi la shule, akarudi saa kumi na mbili jioni, akala, akakaa mezani kwa masomo ya ziada mpaka usingizi umwangushe juu ya daftari. Tunaita hivyo kumwandalia maisha. Maisha yapi, kama utoto wake wenyewe siyo maisha?

Wa tatu husema kwamba kumtazama na kumpigia makofi mtoto aliyekosa ni kumdekeza. Nami niliamini hivyo. Lakini mdekezwaji ni mtoto anayekingwa asikose. Huyu wa uwanjani hakukingwa. Alikosa wiki tano mfululizo hadharani, na hakuna mtu aliyemdanganya kwamba amepata. Kitu alichopewa ni kimoja tu, kwamba alipokosa kulikuwa na watu wake pale, na wiki iliyofuata walikuwa pale tena.

Wa nne husema huu ni uzungu; kwetu mtu mzima hakai kutazama watoto wakicheza. Hapo huwa nacheka mimi. Anayesema hivyo amezaliwa lini? Nilipokuwa mdogo, usiku wa mbalamwezi, tulicheza kombolela na mdako uani, na wazee walitoa vigoda vyao wakakaa barazani. Bibi yangu hakuwa anasoma takwimu. Alikuwa anatutazama, na alimjua kila mmoja wetu: huyu mwoga, huyu mwizi wa zamu, huyu akianguka halii. Kutazama watoto ilikuwa kazi ya wazee. Ofisi ndiyo iliyotupokonya kazi hiyo, nasi tukaiita ofisi ustaarabu. Na kama ni mchezo wa besiboli wenyewe unaoitwa uzungu, jirani zetu wa Uganda walishajibu: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania, na hawakuondoka bila kuishinda timu ya Oregon. Hata Dar es Salaam mchezo huu una uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania. Mtoto akishapewa mpira hana habari ya kuuliza pasipoti yake.

Lakini nisieleweke vibaya kwamba nimekuja kuwasifu Wamarekani. La hasha. Kule nilikuta dhambi ya pili, ambayo ni ndugu wa dhambi yangu, baba mmoja mama mmoja.

Katika mechi moja, baba wa mtoto mrushaji wa timu pinzani alisimama nyuma ya uzio wa waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakukaa. Kila mpira uliotupwa alikuwa na neno. Aliupandishia sauti mkono wa mwanawe, mguu wake, macho yake. Kisha akamgeukia mwamuzi, kijana wa sekondari aliyelipwa fedha kidogo kwa kazi ile, akamfokea mpaka kijana akawa mwekundu shingoni. Nilimwangalia mtoto. Kila alipomaliza kutupa, aligeuza macho kwenye uzio. Mjukuu wangu alipotutazama alikuwa anauliza, "Mmeona?" Yule alikuwa anauliza, "Nimesamehewa?" Mwishoni alishindwa kuutupa mpira mahali pake kabisa, akatolewa, akakaa benchi na glavu usoni ili watu wasione analia. Baba yake akakunja kiti chake, ambacho hakukikalia, akaenda kwenye gari.

Mtu wa namna hiyo huonekana kinyume cha mimi niliyefunga dirisha. Mimi sikufika, yeye hakubanduka. Lakini tafakari, utaona sisi ni watu wamoja. Mimi nilitaka kutoka kwa mwanangu alama za mtihani, na kwa kuwa netiboli haikuwa na alama, sikuiona. Yeye alitaka kutoka kwa mwanawe ushindi, na kwa kuwa alitaka ushindi, hakumwona mtoto. Wote wawili tulikuwa tunadai. Na mdai hatazami, mdai huhesabu.

Kwamba ugonjwa huu si wa mtu mmoja, ushahidi uko katika kanuni zao wenyewe. Mwaka 1939 mkazi mmoja wa Williamsport, Carl Stotz, alianzisha ligi hiyo kwa timu tatu tu, ili watoto wa mtaani kwake wapate mchezo uliopimwa kwa miguu yao. Ilipokua na kuwa shughuli kubwa ya makampuni na mashindano ya taifa, Stotz mwenyewe aligombana na wakubwa wake, na katikati ya miaka ya 1950 akajitenga nayo. Leo kanuni zake huhesabu mipira anayorusha mtoto. Mwenye miaka 9 au 10 hawezi kurusha zaidi ya mipira 75 kwa siku, mwenye miaka 11 au 12 mwisho wake ni 85, na akipita 65 lazima apumzike siku nne. Sababu ni kwamba kiwiko na bega la mtoto havijakomaa, na kuvitumikisha kupita kiasi huviharibu. Hesabu hiyo ya mipira imeanza kutumika mwaka 2007.

Nilipoelezwa hayo nilijiuliza, kanuni hii imewekwa kumzuia nani? Mtoto akichoka huacha mwenyewe. Mwache peke yake uone kama hataenda kunywa maji. Imewekwa kumzuia mtu mzima. Ilibidi iandikwe sheria, kwa tarakimu, ili mkono wa mtoto uokoke na tamaa ya baba yake na kocha wake. Iko pia kanuni kwamba kila mtoto aliyemo katika timu sharti aingie uwanjani na apate zamu ya kupiga. Nayo imewekwa kwa ajili yetu, watu wa dawati la mbele. Bila kanuni hiyo mjukuu wangu asingeusikia mlio wa gongo lake mpaka leo.

Hata wasichana iliwabidi wapate sheria. Mwaka 1972 msichana mmoja wa Hoboken, katika jimbo la New Jersey, Maria Pepe, alicheza mechi tatu tu kabla ya wakubwa wa Little League kuamuru aondolewe kwa kuwa ni msichana. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 1974 milango ikafunguliwa kwa wote. Katika timu ya mjukuu wangu walikuwemo wasichana wawili, na mmoja wao alirusha mpira kwa nguvu iliyonifanya nimshukuru Mungu kwamba sikuwa mpigaji. Kila nilipomtazama nilimwona senta wangu wa mwaka 1992, ambaye sikumwona.

Sasa utaniuliza, raha iko wapi? Maana umeahidi raha ukaleta majuto. Raha ipo, nami nitaisema ingawa ni vigumu kuieleza kwa asiyeionja. Ni raha ya kumwona mtu unayemdhania wako akifanya jambo ambalo wewe huliwezi, na hukumfundisha. Mjukuu wangu kabla ya kuingia kupiga hugusa ardhi kwa ncha ya gongo mara mbili. Hakuna aliyemwambia. Akiwa pembeni kulia hujiimbia. Mwenzake akikosa, yeye ndiye wa kwanza kumsogelea benchi na kumpa maji, jambo ambalo nyumbani, kwa dada yake, halijapata kuonekana. Nilikaa naye nyumba moja miezi mitatu, tunakula meza moja, lakini haya yote niliyaona uwanjani tu. Mezani alikuwa mjukuu; pale alikuwa mtu.

Na kuna raha ya kukaa na wazazi wengine, kila mmoja na kiti chake na chupa yake, mkasahau majina yenu mkaitana kwa majina ya watoto. Nilikuwa "Babu" wa uwanja mzima. Mpaka Wamarekani weupe wakaniita Babu, wakidhani ndilo jina langu, nami sikuwasahihisha.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, na hayagharimu hata shilingi. Nenda. Kama mwanao anacheza mpira wa miguu, netiboli, rede au anaruka kamba, nenda mara moja kabla mwaka huu haujaisha, na umwambie kwamba utakuja ili asishtuke. Ukifika, kaa, na ufunge mdomo. Makofi yanatosha, na simu iache mfukoni, maana mtoto akigeuka anatafuta macho yako na siyo mgongo wa simu. Na mkirudi nyumbani usimfundishe kosa lake. Kocha yupo kwa kazi hiyo. Ukikosa la kusema, sema nilichojifunza kwa mkwe wangu, ambaye kila baada ya mechi, washinde washindwe, alimwambia mwanawe neno moja tu wakielekea kwenye gari: "Nimefurahi kukutazama."

Na kwenu walimu wenzangu mlio bado kazini, hasa ninyi mlioandika ile nukta ya nne kwa imla yangu, fungueni madirisha. Mnapoona kiwanja cha shule kinamegwa kujengwa vibanda vya biashara, msinyamaze mkidhani kinachouzwa ni ardhi tupu. Takwimu za wilayani zinaweza kungoja mpaka kesho. Zile nilizozikamilisha mwaka 1992 sijui hata ziliishia kabati gani.

Tangu nirudi nina desturi mpya. Saa kumi jioni huchukua fimbo yangu na kiti kidogo, nikatembea hadi kiwanja cha shule ya msingi iliyo karibu na kwangu, nikakaa chini ya mkrismasi. Siku ya kwanza mwalimu wa zamu, binti mdogo, alinijia kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Una shida na ofisi?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Sina shida na ofisi. Nimekuja kuwatazama."

"Ni mjukuu wako yupi?"

Wajukuu zangu wako mbali. Lakini wakati ule msichana mmoja, kavua viatu, alikuwa ameudaka mpira katikati ya uwanja na anatafuta mwenzake wa kumpasia, na kabla hajautupa alitupia jicho upande wetu.

"Huyo," nikasema, nikainua mkono.